Koleo, Plaizi na Kimenyeo: Majina ya Zana za Waya na Funzo la Kongwa

Utangulizi

Katika shughuli za kukuza na kusanifu istilahi, aghalabu macho yetu huelekea kwenye maneno makubwa: ya sheria, ya siasa, ya uchumi na ya sayansi. Majina ya zana za mkono, zile zinazokaa ndani ya mfuko wa fundi, huachwa yajitafutie njia yenyewe. Matokeo yake ni kwamba tunalo neno lililokubalika la mashine ya kupoza hewa, yaani kiyoyozi, na la mashine ya kuhifadhi vitu kwa baridi, yaani jokofu; lakini hatuna jina moja lisilo na utata la kifaa anachokatia waya fundi wa mashine hizo, wala la kile anachotumia kuondoa ngozi ya plastiki iliyoifunika shaba.

Upungufu huu hauwahusu wanalugha peke yao. Tulipata kuletewa orodha ya mahitaji ya karakana moja katika uwanda wa kati, ambayo hatutaitaja jina. Mtumishi aliyeiandaa alikuwa ameandika kwa Kiswahili fasaha: "koleo 12". Wauzaji watatu walijibu. Wa kwanza alitoa bei ya plaizi. Wa pili alitoa bei ya koleo la kung'olea misumari. Wa tatu alitoa bei ya koleo la kuchotea mchanga. Kila mmoja wao alikuwa sahihi kwa mujibu wa Kiswahili anachokisema kila siku. Hatimaye zilinunuliwa plaizi za bei ya chini kabisa, kwa kuwa orodha haikutaja sifa yoyote ya zana iliyotakiwa. Na haukupita muda mrefu makali yake yakaingia mapengo.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi utata huo ulivyozaliwa. Tutapita katika historia ya waya na koleo, tutatua Kongwa, mahali ambapo gharama ya kuchagua zana isiyofaa ilipata kuonekana waziwazi kuliko pengine popote katika nchi yetu, na mwisho tutatoa mapendekezo machache ili yajadiliwe.

Waya kabla ya "waya"

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba waya si mgeni katika Ugogo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, kisha ikaingia Ugogo, nchi iliyojulikana kwa uchache wa maji na kwa hongo iliyotozwa wapitaji. Hongo hiyo ililipwa kwa bidhaa za aina tatu hasa: nguo, shanga na waya wa shaba nyekundu au nyeupe. Waya huo mnene uliitwa masango; ule mwembamba uliosokotwa kuwa pambo la mkono au la mguu uliitwa udodi. Ulikuwa pambo na ulikuwa fedha. Haukuwa na ngozi, na aliyetaka kuukata aliuweka juu ya chuma akaugonga kwa tindo na nyundo.

Kisha waya ukaanza kusema. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari iliunganisha Unguja na Aden kwa upande mmoja, na Msumbiji na Afrika ya Kusini kwa upande wa pili. Chombo hicho kipya Waswahili walikiita simu, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake huko ni fedha ya madini na pia waya. Kwa hiyo anayesema leo "waya wa simu", kwa asili ya maneno, anasema "waya wa waya", bila kujua. Neno waya lenyewe, lililotoholewa kutoka Kiingereza, lilikuja baadaye, likaenea na kuyasukuma masango na udodi pembezoni mwa lugha.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: kila mara waya ulipobadili kazi, Kiswahili kiliupa jina jipya. Ulipokuwa pambo ulikuwa na jina lake, ulipokuwa mjumbe ukapata jingine, na ulipokuwa njia ya umeme ukapata la tatu. Zana za kuushika na kuukata hazikupata bahati hiyo.

Koleo la mhunzi

Koleo ni neno la kale katika Kiswahili. Kwa asili ni chombo cha mhunzi, cha kushikia chuma chenye moto wakati nyundo ikifanya kazi. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Tungeweza kuongeza kwamba asipovukuta hushika koleo. Katika kiwanda cha mhunzi neno hili halikuwa na utata wowote, kwa sababu koleo lilikuwa moja na kazi yake moja.

Zana za kigeni zilipowasili, Kiswahili kilizipokea kwa njia mbalimbali. Parafujo ilitoka kwa Wareno. Karakana ilitoka kwa Waajemi. Spana ilitoka kwa Waingereza. Lakini kwa zana zote zenye taya mbili na mipini miwili, hakukuwa na haja ya kukopa, kwani umbo lake lilifanana na koleo. Basi zana ya kung'olea misumari ikaitwa koleo. Ya kushikia na kupindia waya ikaitwa koleo. Ya kukatia waya ikaitwa koleo pia. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, na kamusi iliyotokana na kazi yake chini ya Frederick Johnson mwaka 1939, zilikuwa na jukumu kubwa la kusanifu lugha ya shule na vitabu. Lugha ya karakana haikuwa shabaha yao ya kwanza.

Zaidi ya hayo, Tanzania Bara neno hilohilo limezoeleka kutumika kwa zana ya kuchotea mchanga na kokoto, ile ambayo wengine huiita beleshi au chepe. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi mahali pengi na kuomba "sururu na koleo", hutapewa plaizi. Na mafundi, kwa kuuona utata huo, walijitafutia dawa wenyewe: wakalikopa neno la Kiingereza wakalitamka plaizi, au praizi kwa wale wanaobadilishana l na r. Wanalugha wengi huliona neno hili kuwa uvivu. Sisi tunaliona kuwa ni ushahidi: fundi hakopi neno bure, hukopa pale lile alilonalo linapomwangusha.

Kongwa, mwaka 1947

Sasa na tutue Kongwa. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alipendekeza kwa serikali ya Uingereza kilimo cha karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizuru nchi na kuunga mkono wazo hilo. Mwaka 1947 serikali ilitangaza mpango wa kulima zaidi ya ekari 3,200,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Mwaka uliofuata usimamizi ulihamia kwa Shirika la Chakula la Ng'ambo.

Historia ya kushindwa kwa mpango huo imekwisha kuandikwa na wengi, nasi hatutairudia yote. Linalotuhusu ni zana. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa, kwa hiyo yalinunuliwa yaliyotumika, mengine kutoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Filipino. Mengi yaliharibika upesi na vipuri vikawa adimu. Vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matingatinga mawili ili kuangusha vichaka. Baada ya vichaka kuanguka, ilibaki mizizi, na ardhi ya Kongwa ikatoa hukumu yake: wakati wa kiangazi udongo wake wa mfinyanzi hukauka ukawa kama tofali, na mchanga mkali uliomo ndani yake hula chuma kama tupa. Visu vya kukatia mizizi na sahani za majembe, vilivyotengenezwa kwa udongo wa nchi nyingine, vilikwisha makali kabla ya kazi kwisha.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama ekari 7,500. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa yapata paundi milioni 36. Nchi ya Kongwa ikageukia ufugaji, kazi ambayo Wagogo waliijua tangu zamani, na ranchi ya Kongwa imekuwa maarufu hadi leo.

Hatudai kwamba maneno ya karakana yalizaliwa Kongwa. Hilo halina ushahidi. Twasema tu kwamba katika karakana zake maelfu ya watu kutoka pande nyingi za nchi walikutana na spana, injini na nyaya za umeme wa magari, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Na twasema pia kwamba Kongwa inatufundisha jambo moja ambalo mwandishi wa orodha yoyote ya manunuzi hana budi kulikumbuka: zana haiwi nzuri au mbaya yenyewe. Huwa nzuri kwa kazi fulani, mahali fulani. Asiyeweza kuitaja kazi hiyo kwa maneno dhahiri hawezi kuichagua zana yake.

Waya unapovaa ngozi

Waya wa umeme hutofautiana na masango kwa jambo moja kubwa: umevaa ngozi. Katika miaka ya 1940 ngozi hiyo ilikuwa ya mpira uliofumwa juu yake nyuzi za pamba, na fundi aliiondoa kwa kisu. Plastiki ilienea baada ya hapo, nayo huondolewa kwa zana yenye taya mbili zilizotobolewa vitundu vya ukubwa mbalimbali, ambayo hukata ngozi bila kuigusa shaba.

Vipimo navyo vilibadilika. Nyaya za Kiingereza za wakati ule zilitajwa kwa idadi ya nyuzi na unene wa kila uzi kwa inchi: nyuzi 3 za inchi 0.029, au nyuzi 7 za unene uohuo. Uingereza ilihamia kwenye milimita za mraba kati ya mwaka 1969 na 1970, na leo nasi twanunua waya wa milimita za mraba 1.5, 2.5 au 4. Lakini zana nyingi za kuondolea ngozi zinazouzwa duniani zimechorwa namba za Kimarekani. Namba 14 ni kama milimita za mraba 2.1, namba 12 ni kama 3.3. Waya wetu wa 2.5 hauna kitundu chake. Fundi akiutia katika kile cha namba 14, shaba inakwaruzwa. Akiutia katika kile cha namba 12, ngozi haikatiki sawasawa naye huivuta kwa nguvu.

Hilo si jambo dogo kwa fundi wa viyoyozi. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishazoea mwendo. Waya uliopoteza nyuzi zake mbili tatu mahali pa kiungo hupata joto pale pale, na mtikisiko wa mashine humalizia kazi. Mwenye nyumba huambiwa kuwa kiyoyozi ni kibovu, kumbe kibovu kilikuwa kitundu cha zana. Na pale jokofu linapokuwa la kuhifadhia chanjo katika zahanati, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Kumenya, kuchuna au kuambua?

Je, kitendo hiki cha kuondoa ngozi ya waya tukiite nini? Kiswahili hakina upungufu hapa, kina wingi. Kuchuna ni kuondoa ngozi ya mnyama. Kuambua ni kuondoa ganda au gome lililoshikamana na kitu. Kubambua ni kubandua kwa nguvu kilichogandamana. Kuchubua ni kujeruhi ngozi ya juu. Kumenya ni kuondoa ganda la tunda, kama vile ndizi au chungwa.

Mafundi wengine husema kuchuna, na katika nchi ya wafugaji kama Kongwa neno hili lina mvuto wake. Lakini tulitafakari kidogo. Anayemchuna ng'ombe huichunga ngozi isitobolewe, maana ngozi ina bei. Kisu kikiteleza, ni heri kiiguse nyama. Fundi wa waya hufanya kinyume: ngozi huitupa, na kinachotakiwa kubaki kizima ni kile cha ndani. Hivyo ndivyo afanyavyo amenyaye chungwa. Kuchubua nako ndilo kosa lenyewe tunalotaka kuliepuka, kwa hiyo yafaa neno hilo litengwe kwa ajili ya kulitaja kosa: "shaba imechubuliwa".

Kwa maoni yetu, basi, kumenya ndilo neno lifaalo zaidi. Kutokana nalo twaweza kuunda jina la zana kwa kanuni ileile iliyotupa kifutio kutoka kufuta na kichujio kutoka kuchuja: kimenyeo. Kwa zana ya kukata tu, tunapendekeza koleo la kukatia, na kwa ile yenye taya za kushikia na makali pamoja, koleo la fundi umeme. Koleo bila maelezo libaki jina la jumla la zana yenye taya na mipini, na ile ya kuchotea mchanga iitwe beleshi katika maandishi rasmi. Plaizi hatuifukuzi. Iendelee kuishi karakanani, na katika orodha iandikwe pembeni ya jina kamili pale inapohofiwa kwamba muuzaji hataelewa.

Mambo ya kutajwa katika orodha

Jina peke yake halitoshi. Mwandishi wa orodha ataje na sifa, nazo zina maneno yake katika Kiswahili.

Kwanza, taya na makali. Chuma kiwe feleji iliyofuliwa, si ya kumimina, na makali yakazwe kwa moto zaidi ya sehemu nyingine. Itajwe pia kinachokatwa: shaba laini, au waya mgumu wa chuma. Makali yaliyotengenezwa kwa ajili ya shaba huingia mapengo yakitumiwa kukata chuma kigumu, na hapo kosa si la zana. Makali mawili yakifumbwa na kuelekezwa kwenye mwanga, mwanga usipite kati yake.

Pili, egemeo, yaani pini inayounganisha mikono miwili. Likiwa karibu na makali, fundi hukata kwa nguvu ndogo. Lisiwe na mchezo: taya zikitikisika upande kwa upande dukani, baada ya miezi michache hazitakutana.

Tatu, mipini. Hapa wengi hudanganyika. Plastiki laini iliyochovywa juu ya mpini ni ya kushikia vizuri tu. Haimkingi fundi na umeme. Zana yenye kihami cha kweli hutengenezwa na kupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, nayo huchorwa alama ya pembetatu mbili na maandishi ya volti 1,000. Hata hivyo kihami si ruhusa ya kufanya kazi penye umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na kapasita ya kiyoyozi huweza kubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa.

Nne, kwa kimenyeo, vitundu vitajwe kwa milimita za mraba. Kile chenye vitundu visivyobadilika kina sehemu chache zinazotembea na hudumu. Kile kinachojirekebisha chenyewe huharakisha kazi, ila kinunuliwe tu kama visu vyake vya kubadilisha vinapatikana. Kongwa ilionyesha thamani ya mashine isiyo na vipuri.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili lugha hii iweze kubeba kazi zote za taifa. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi, majengo ya ofisi yameongezeka, na pamoja nayo viyoyozi, mafundi na orodha za manunuzi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba neno koleo katika mkataba laweza siku moja kusomwa mbele ya hakimu, naye ataulizwa: ni koleo gani?

Mapendekezo yetu si uamuzi. Istilahi huthibitishwa baada ya kujadiliwa, na wa kwanza kusikilizwa wawe mafundi wenyewe. Walimu wa ufundi wayajaribu maneno haya darasani. Wafasiri wa vitabu vya maelekezo wayapime. Watumishi wanaoandika orodha watuambie ni wapi yamewafaa na ni wapi yamewaangusha. Kama fundi wa Kongwa anacho kitenzi kingine cha kumenya waya ambacho hatukupata kukisikia, basi na kiletwe.

Wakati tukisubiri, ndugu msomaji, ukiombwa kuandika "koleo 12", usiandike hivyo. Muulize kwanza aliyeomba: za kufanyia kazi gani?